Samaki, Jua na Nyayo: Maswali Yenu Kuhusu Melanoma

Barua nyingi za mwezi huu zimetokana na habari moja, ile ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, kilichoko Providence katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakichunguza kama melanoma ina uhusiano na mambo ya kila siku katika maisha ya mtu, yaani chakula, vinywaji, dawa na jua. Melanoma ni saratani inayoanzia katika seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Haipatikani kwa wingi kama saratani nyingine za ngozi, lakini ni kali kuliko hizo kwa kuwa huwahi kusambaa mwilini. Nimechagua barua zilizouliza jambo mahususi.

Nimesikia redioni kwamba kula samaki kunaleta saratani ya ngozi. Mimi ni mtu wa Pemba. Nikiacha samaki, nitakula nini? (Msomaji, Wete)

Endelea na samaki wako. Utafiti uliousikia ulichapishwa mwezi Juni 2022 na Eunyoung Cho wa Brown pamoja na wenzake. Hawakumlisha mtu samaki wala hawakuwachunguza wavuvi. Walichukua taarifa za Wamarekani 491,367 ambao mwaka 1995 na 1996 walijaza dodoso la chakula wakiwa na umri wa wastani wa miaka 62 hivi, kisha wakatazama ni nani kati yao alipata melanoma katika miaka kama 15 iliyofuata. Waliopata melanoma iliyopenya ndani ya ngozi walikuwa 5,034, yaani takriban mtu mmoja katika kila mia. Kundi lililokula samaki wengi, wastani wa gramu 42.8 kwa siku, lilikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 22 ile ya kundi lililokula gramu 3.2 tu.

Asilimia 22 inatisha mpaka uihesabu kwa vichwa. Tukichukua hiyo moja kwa mia kuwa ndicho kiwango cha kuanzia, katika watu 500 wangeugua watano; ongeza asilimia 22, wanakuwa sita. Redio haikukutajia huyo mmoja katika 500, ikakutajia asilimia peke yake, na hilo ni kosa la watangazaji kuliko la watafiti.

Kuna jambo jingine ndani ya matokeo hayo ambalo naliona lina uzito zaidi. Uhusiano ulionekana kwa jodari na kwa samaki wasiokaangwa, lakini haukuonekana kwa samaki wa kukaanga. Kama samaki mwenyewe ndiye mkosaji, kikaango kimemsafishaje? Watafiti walishuku uchafu unaoingia kwa samaki kutoka baharini, kama vile zebaki na aseniki, lakini hawakupima vitu hivyo katika miili ya washiriki. Wala hawakuwa na taarifa za idadi ya vidoa vyeusi katika ngozi ya kila mtu, rangi ya nywele zake, mara alizobabuka na jua, au muda aliozoea kukaa juani, na hayo ndiyo mambo yanayojulikana kuathiri melanoma. Walikiri upungufu huo wenyewe. Tena washiriki walikuwa karibu wote Wamarekani weupe, ambao ngozi yao na jua havipatani kama ngozi yako na jua la Wete. Gramu 42.8 kwa siku ni kama gramu 300 kwa wiki. Nadhani kwako hicho ni kitoweo cha Jumamosi na Jumapili tu.

Watafiti hao wanajuaje mtu alikula nini miaka 20 iliyopita? Mimi sikumbuki nilichokula juzi. (Mwalimu, Morogoro)

Shaka yako ni ya haki, na wao wenyewe wanaijua. Njia wanayoipenda zaidi ni kutomngoja mtu augue ndipo aulizwe, bali kumwuliza akiwa mzima na kumfuatilia. Sehemu kubwa ya kazi ya timu ya Brown imesimama juu ya daftari za utafiti wa wauguzi ulioanzishwa na Frank Speizer wa Harvard mwaka 1976. Wauguzi wanawake 121,700 walikubali kujaza dodoso la posta kila baada ya miaka miwili, kueleza afya zao na mwenendo wao. Mwaka 1986 uliongezwa utafiti wa wanaume 51,529 wenye kazi za afya, wakiwemo madaktari wa meno, wafamasia na madaktari wa mifugo.

Wauguzi walichaguliwa kwa sababu wanaelewa wanachoulizwa: ukimwuliza muuguzi kama amewahi kuwa na shinikizo la damu, hatakwambia ni kizunguzungu tu. Na uvumilivu wao ni wa kustaajabisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliombwa wakate kucha za miguu na kuzituma kwa posta, ili madini yaliyomo mwilini yaweze kupimwa, na zaidi ya wauguzi 60,000 wakatuma bahasha zenye kucha. Kwa upande wa ngozi waliulizwa wana vidoa vingapi kwenye mkono, nywele zao za ujanani zilikuwa za rangi gani, walibabuka vibaya na jua mara ngapi, na kama mzazi au ndugu aliwahi kuugua melanoma. Maswali ya chakula yalirudiwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo aliyeanza kula maboga uzeeni hahesabiwi kama aliyekula maboga maisha yake yote.

Hata hivyo dodoso linabaki kuwa dodoso. Linaonyesha vitu viwili vikitembea pamoja, lakini si lazima kimoja kiwe kinamvuta mwenzake. Mwaka 2016 utafiti mkubwa wa Marekani na Ulaya, uliojumlisha watu milioni 1.44, ulionyesha kwamba wanaofanya mazoezi wakati wa mapumziko wana hatari ndogo ya aina 13 za saratani, ila melanoma yao ilizidi kwa asilimia 27. Hakuna aliyedai kwamba kukimbia kunaunguza ngozi kwa ndani. Watu hao hukimbilia nje, wamevaa kaptura na fulana zisizo na mikono.

Shikamoo. Baba yangu anatumia vidonge vya nguvu za kiume na ameambiwa kijiweni kwamba vinaleta melanoma. Amekuwa na wasiwasi, lakini anaona aibu kuuliza. (Kijana, Mombasa)

Marahaba, na umefanya vyema kumwulizia. Maneno ya kijiweni hayakuzuka bure. Mwaka 2014 watafiti wa Brown na wenzao, wakitumia taarifa za wanaume 25,848, waliripoti kuwa waliotumia sildenafili, yaani dawa iliyomo katika vidonge vya Viagra, walikuwa na hatari ya melanoma iliyokaribia maradufu. Mwaka uliofuata Stacy Loeb wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake walilichunguza jambo hilo kwa kutumia kumbukumbu za dawa na za saratani za Sweden. Walikuta uhusiano mdogo, lakini ulikuwa mkubwa zaidi kwa waliowahi kuandikiwa dawa mara moja tu kuliko kwa walioandikiwa mara nyingi. Sumu haifanyi kazi hivyo. Anayemeza nyingi ndiye angepaswa kuumia zaidi. Hitimisho lao lilikuwa kwamba wanunuzi wa dawa hizo ni wanaume wenye kipato kizuri, wanaokwenda likizo za juani. Mzee asihangaike na melanoma kwa ajili hiyo. Amwulize daktari kuhusu moyo wake na dawa nyingine anazotumia, kwa kuwa hapo ndipo vidonge hivyo vinapohitaji tahadhari ya kweli.

Na machungwa? (Msomaji, Muheza)

Mwaka 2015 timu hiyohiyo iliripoti kwamba waliokula matunda ya jamii ya machungwa zaidi ya mara moja na nusu kwa siku walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 36 kuliko waliokula chini ya mara mbili kwa wiki, na balungi ndilo lililoonekana kuwa na uhusiano mkubwa zaidi. Hapa walau sababu inayowezekana inajulikana: matunda hayo yana kemikali ziitwazo furokumarini, ambazo huifanya ngozi iwe nyepesi kudhuriwa na mwanga. Mimi mwenyewe niliwahi kukamua ndimu uani saa sita mchana, na baada ya siku mbili mgongo wa mkono ukawa na madoa ya kahawia yaliyokaa wiki kadhaa. Lakini maji ya ndimu juu ya ngozi si sawa na chungwa tumboni, na watafiti wenyewe hawakumshauri mtu yeyote aache matunda. Muheza ipumzike.

Basi kuna lolote lililothibitishwa, au yote ni kukisia? (Mwanafunzi wa uuguzi, Dodoma)

Lipo, nalo ni mionzi ya urujuanimno ya jua kwa ngozi nyeupe. Ushahidi ninaouheshimu kuliko wote haukutoka Brown bali Nambour, mji mdogo wa Queensland nchini Australia. Mwaka 1992 Adèle Green na wenzake waliwagawa wakazi 1,621 kwa kura. Nusu yao walipewa losheni ya kukinga jua bila malipo na kutakiwa kuipaka kila asubuhi kichwani, shingoni na mikononi. Nusu nyingine waliachwa wafanye kama walivyozoea. Chupa zilirudishwa na kupimwa kwenye mizani, ili ijulikane nani anapaka na nani anasema tu anapaka. Jaribio lilikwisha mwaka 1996, lakini ufuatiliaji uliendelea hadi 2006, na hesabu ikawa hivi: melanoma 11 katika kundi la losheni ya kila siku, 22 katika kundi la pili. Idadi ni ndogo na wakosoaji walilisema hilo, lakini kura ina faida ambayo dodoso halina: mkimbiaji, mla samaki na tajiri wa likizo wameangukia pande zote mbili.

Ninaishi Minneapolis. Mkwe wangu, ambaye ni Mmarekani mweupe, hulala kwenye kitanda cha taa ili ngozi ipate rangi, na anasema ni salama kuliko jua. Nimwambieje?

Mwambie utafiti umefanyika jimboni kwenu. DeAnn Lazovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwalinganisha wagonjwa 1,167 wa melanoma na watu 1,101 wasio wagonjwa, na mwaka 2010 wakaripoti kuwa waliotumia taa hizo walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 74. Mwaka mmoja kabla yake, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeviweka vitanda hivyo katika kundi moja na sigara, yaani kundi la vitu ambavyo hakuna shaka kwamba vinasababisha saratani.

Mwanangu ana ualbino. Je, yeye ndiye aliye hatarini zaidi kupata melanoma? (Mama, Shinyanga)

Yuko hatarini kupata saratani ya ngozi, mama, lakini kwa kawaida si melanoma. Kwa watu wenye ualbino barani Afrika inayowapata zaidi ni saratani ya seli za tabaka la juu la ngozi, ambayo huanza kama kidonda au ukurutu usiopona usoni, masikioni, shingoni au mikononi. Hiyo husababishwa na jua moja kwa moja, na ndiyo maana inazuilika. Kofia ya ukingo mpana inayofunika masikio, mikono mirefu, na kukaa kivulini tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni vina kazi kubwa kuliko losheni, ingawa losheni nayo inahitajika. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Uliza kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe jinsi ya kuipata, na usiache kidonda kipite mwezi bila kuonwa.

Sisi weusi tuna kinga ya asili. Kwa nini unatujazia ukurasa habari za Wazungu? Ila nina mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu. (Msomaji, Bukavu)

Umenipa shutuma na jibu lake katika barua moja. Ni kweli kwamba rangi yetu hutukinga dhidi ya melanoma itokanayo na jua. Lakini melanoma inayowapata watu weusi hujitokeza zaidi mahali ambapo jua halifiki: unyayoni, kiganjani na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1977 katika kidole cha mguu, kidonda kilichodhaniwa kuwa cha kuumia mpirani, na alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Kuhusu aina hii, madodoso ya wauguzi wa Marekani hayatusaidii, kwa kuwa waliojaza walikuwa karibu wote weupe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Shinshu nchini Japani walionyesha kuwa melanoma za unyayoni hutokea zaidi sehemu zinazobeba uzito wa mwili, kama kisigino, na ni chache pale unyayo unapojikunja bila kugusa chini. Hilo halithibitishi kwamba kutembea pekupeku kunasababisha ugonjwa, lakini linaeleza kwa nini melanoma ya unyayoni huchukuliwa kuwa ni mwiba au sugu na kufungwa dawa za mitishamba kwa miezi.

Sasa ukucha wako. Mistari myembamba ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa watu weusi, hasa umri unapoongezeka. Mstari ulio kwenye ukucha mmoja tu, tena wa kidole gumba, ni habari nyingine, hasa ikiwa unapanuka, rangi yake haiko sawa, au weusi umeanza kuingia kwenye ngozi iliyo kwenye shina la ukucha. Upige picha leo ukiwa umeweka rula kando yake, kisha uende nayo kwa daktari wa ngozi wiki hii. Akiwa na shaka atakutia ganzi kidoleni na kukata kinyama kidogo kwenye shina la ukucha kikapimwe maabara. Usikubali kupewa dawa ya fangasi kabla hajautazama huo mstari vizuri.