Kwa wanaoanza tiba ya saikodinamiki: shikeni saa, sikilizeni muhali

Tiba ya saikodinamiki ni tiba ya mazungumzo inayotafuta hisia zilizofichika na namna mahusiano ya zamani yanavyojirudia leo. Mwanafunzi wa uzamili anayeingia chumba cha tiba mara ya kwanza huwa amebeba nadharia nyingi na ana haraka ya kuzitumia. Ziwekeni kando kwanza. Kazi ya mwanzo ni kumpa mteja wakati na mahali pasipobadilika, kisha kuangalia anavyovitumia.

Kikao ni dakika 50, siku ile ile, saa ile ile, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Kikianza saa tatu asubuhi, kinaisha saa tatu na dakika 50, hata kama mteja amechelewa robo saa. Ukimwongezea dakika umemfanyia hisani, lakini swali limekupotea: kwa nini achelewe leo, wiki moja tu baada ya kumtaja baba yake? Viti viwekwe mshazari kidogo ili asilazimike kukutazama usoni, saa ya ukutani muione nyote wawili, na simu zizimwe. Msipange kikao kitakachokatwa na adhana ya Alasiri. Mabadiliko ya Ramadhani na likizo ya Idi yatajeni wiki tatu au nne kabla, kwani aliyewahi kuachwa huipokea likizo kama kuachwa tena. Baina ya mteja na mteja, watibabu wengi huacha dakika 10. Kwa mji mdogo kama wetu wekeni nusu saa, maana anayetoka na anayeingia huenda ni mawifi.

Na mkikutana njiani? Wenzetu wa Ulaya wengi husubiri mteja asalimie yeye kwanza. Hapa, kumpita mtu kimya sokoni Darajani, Unguja, ni kumvunjia heshima. Kubalianeni tangu kikao cha kwanza: salamu itatolewa kama kwa mtu yeyote, ila habari za chumbani hazitaulizwa.

Sasa tufike kwenye kiini. Yuko mteja anayekuja na shikamoo, anasema "nzuri tu, alhamdulillahi", anakubali kila unalomwambia na kukuletea halua ya Wete. Mwanafunzi hufurahi, akadhani tiba inakwenda vyema. Hapo ndipo pa kutega sikio. Huenda anakuonea muhali, yaani haya ya kumkatalia au kumuudhi mtu, hawezi kukwambia kwamba ulimuudhi, kama anavyomwonea muhali mumewe, mwajiri wake na kaka yake mkubwa. Muhali wake umekuja naye chumbani, nanyi mnauona unavyofanya kazi.

David Malan, mtaalamu wa tiba hii, alitumia pembetatu mbili kuonesha jambo hili. Tuchukue mfano wa kubuni: mwanamke kijana anaumwa kichwa kila mavyaa wake anapokuja, na daktari amempima hakuona maradhi. Akimtaja mavyaa, hucheka. Pembetatu ya kwanza ina hisia iliyofichika, ambayo huenda ni hasira. Wasiwasi wa kuonekana hana adabu. Na kinga, yaani kile kicheko. Pembetatu ya pili ina watu: mavyaa wa leo, bibi mkali aliyemlea zamani, na wewe uliyekaa mbele yake. Wiki iliyopita ulibadilisha saa ya kikao, naye akacheka, akasema hamna tabu.

Anzeni na kinga, mwende kwenye wasiwasi, hisia ije mwisho. Semeni kwa upole, sentensi moja au mbili: "Nilipobadilisha saa ulicheka, ukasema hamna tabu. Najiuliza kama tabu kidogo ilikuwepo, ikawa vigumu kunambia." Kisha nyamazeni, hata dakika nzima. Ukirukia hasira moja kwa moja, atakataa kwa kiapo, au ataitikia kwa muhali ule ule na wiki ijayo asije. Jambo hili si geni: mwaka 1900, mjini Vienna, msichana wa miaka 18 aliacha tiba ya Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi nafsi ulioizaa tiba hii, baada ya wiki kama 11, na katika maandishi yake ya mwaka 1905 Freud alikiri kwamba hakuushughulikia mapema uhamishaji wa hisia, yaani zile hisia za watu wa zamani alizotwikwa yeye.

Nanyi pia mna hisia. Paula Heimann, mchambuzi nafsi, alieleza mwaka 1950 kwamba hisia za mtibabu ni chombo cha kumwelewa mteja. Kijana wa miaka 27 aliyekaa mbele ya mzee wa 60 hujikuta amekuwa mtoto: anashindwa kuuliza habari za ndoa, anapokea nasaha badala ya kusikiliza. Heshima ibaki, shikamoo itolewe, na lile swali lililokwama kooni lipelekwe kwa msimamizi wako.

Mteja akisema ana jini, msibishane naye wala msijitie uganga. Ulizeni linapanda lini, linadai nini, linasema lipi ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisema. Mara nyingi majibu hayo yana uzito kuliko historia yote mliyoandika kwenye fomu.

Msiandike mbele ya mteja. Andikeni ndani ya saa moja baada ya kikao, kwa maneno yake mwenyewe kadiri mnavyoyakumbuka, pamoja na yale mliyosema nyinyi, bila jina wala mtaa. Karatasi hizo ndizo za kwenda nazo kwa msimamizi kila wiki. Mkizipamba, hawezi kukusaidieni.

Anayesikia sauti na kupoteza uhalisia, anayetaka kujiua, au aliye katikati ya arosto ya unga, yaani maumivu ya kukosa dawa za kulevya, asianzwe na kazi hii. Apelekwe kwanza hospitali, kwa Unguja Kidongo Chekundu, na asiachwe aende peke yake.

Tiba fupi ikiwa ya vikao 20, tarehe ya mwisho itajwe tangu mwanzo, na kuanzia kikao cha 14 mzungumzie kuagana. Tarajieni dalili za zamani kurudi wakati huo. Msiongeze vikao kwa sababu ya huruma. Muulizeni huku kumalizika kunamkumbusha nani aliyeondoka.