Kuongoza timu inayounda vifaa vya kupimia hewa

Ndugu, umeeleza kwamba umekabidhiwa timu ya serikali inayounda vifaa vya kupimia ubora wa hewa, na kwamba wakubwa wako wanataka takwimu zitangazwe upesi ilhali wahandisi wanaomba muda. Ningekuwa wewe, ningesimama na wahandisi.

Vihisi vya bei nafuu hukadiria chembechembe za PM2.5, yaani zile ndogo sana zisizozidi mikromita 2.5 kwa kipenyo, kwa kumulika hewa na kupima mwanga unaotawanyika. Hewa inapojaa unyevu, chembe hizo hunyonya maji na kuvimba, na kifaa huonyesha uchafuzi mkubwa kuliko uliopo. Kwa hiyo fungeni vifaa vyenu kando ya mtambo rasmi wa rejea, yaani ule ambao vipimo vyake vinaaminika, kwa majuma kadhaa, ikiwezekana katika misimu tofauti, kisha mrekebishe hesabu zenu kulingana na tofauti mtakazoziona. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kuhusu PM2.5 ni kutozidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Penye kiwango kidogo hivyo, kosa la mikrogramu 3 si dogo hata kidogo.

Wakubwa wapelekee mchoro mmoja wenye mistari miwili, wa kifaa chenu na wa mtambo, wajionee wenyewe. Fundi anayepanda nguzoni kufuta vumbi, ambaye mara nyingi husahaulika, mtengee bajeti tangu mwanzo, na daftari lake la matengenezo lihifadhiwe pamoja na takwimu, kwa kuwa mzazi wa mtoto mwenye pumu ataamua kumruhusu kucheza nje au kumbakiza ndani kwa kuitegemea namba yenu.