Siti skani safi, mbona cherehani inanishinda?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Wiki 3 zilizopita nilidondoka na bodaboda nikapiga kichwa, hospitali wakasema mtikisiko wa ubongo, siti skani safi. Ila nikishona nusu saa tu kichwa kinagonga, mwanga unaniumiza, vipimo vya wateja nasahau. Mama anasema nilale gizani mpaka nipone. Nimeambiwa nikaone mtu wa tiba kazi, sasa mikono yangu mizima ananitibu nini?

JIBU: Marahaba fundi, pole sana. Mama mwambie kwa heshima zote, kutulia ndani kunafaa siku 1 au 2 za mwanzo, baada ya hapo kulala gizani kunachelewesha kupona. Watu wazima wengi wanakaa sawa ndani ya wiki 2 hivi, we umepitiliza kidogo na si ajabu. Siti skani inaonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, haionyeshi ubongo unavyofanya kazi, kwahiyo mtu asikwambie unadeka.

Mikono sawa mizima, sisi watu wa tiba kazi tunaangalia kazi yenyewe. Kushona si kazi moja bana, macho yanafuata sindano, overloki inapiga kelele, shingo umeinamisha, kichwani umeshika kiuno 32 na mteja kasimama hapo anapiga stori, ubongo uliochoka hauwezi vyote kwa mpigo. Tunavitenganisha. Anza asubuhi, dakika 15 za mshono ulionyooka tu, kupinda kanga kwa mfano, halafu pumzika dakika 10 bila simu (kuperuzi sio kupumzika jamani).

Kabla hujaanza jipe maksi za maumivu, 0 mpaka 10. Yakipanda kwa 1 au 2 na yakatulia ndani ya saa moja, endelea hivyo hivyo, baada ya siku kadhaa ongeza dakika. Yakizidi hapo kesho yake punguza, usiache kabisa. Wengi wanaharibu siku wanayojisikia vizuri, anashona nguo za harusi mpaka usiku, kesho hainuki.

Vipimo andika kabla hujatoa futi kamba mwilini kwa mteja, na kipande cha kitambaa kibane na pini kwenye ukurasa huohuo. Cherehani igeuze usitazame barabarani kwenye jua, vaa kapelo, ila miwani ya giza ndani ya duka hapana, macho yatazidi kuogopa mwanga. Bobini ikianguka chuchumaa, usiiname ghafla.

Pikipiki usiendeshe kwanza, kichwa kikigongwa tena kabla hakijapona ni hatari kweli. Na ukianza kutapika tapika, degedege, usingizi usioamshika, mkono kulegea au kichwa kuzidi kuuma kila saa, wakukimbize hospitali ya Bombo hata kama ni usiku wa manane.

Overloki mwachie kijana wako kwa sasa, hiyo utairudia mwisho kabisa.