Sheria za mazingira ndo zinaua ajira za mafuta baharini?

SWALI: Mhariri, salama? Niko Houston, huku jamaa wa mafuta wanalalamika eti serikali inawabana mno na sheria za mazingira, ajira zinakufa. Wana hoja ama ni maneno tu?

JIBU: Salama kaka. Hoja wanayo kidogo, 2010 Obama alisimamisha uchimbaji wa kina kirefu Ghuba ya Mexico kwa miezi kadhaa na watu waliumia mfukoni kweli, tusifiche. Ila kilitangulia nini? Mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka Aprili 20, wakafa watu 11, mafuta yakamwagika siku 87, wavuvi wa Louisiana wakafungiwa bahari, sasa na hao hawana ajira? BP wenyewe, kampuni ya mafuta yenye kile kisima, wakaja kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni 20.

Mi kinachoniudhi, ile ofisi ya serikali ya MMS iliyokagua visima ndo hiyohiyo ilikusanya mrabaha wa mafuta (malipo ya kampuni kwa serikali), yaani refa anakula mgao wa kiingilio! Baadaye wakaigawa, usalama ukaenda ofisi mpya ya BSEE, kukodisha vitalu vya kuchimba mafuta ikaenda nyingine, BOEM. Kwa hiyo mtu akikwambia sheria zimezidi muulize ipi hasa, labda makaratasi ya vibali yanachelewesha, hapo sawa, lakini kukagua mitambo ya kuziba kisima, hapana jamani.