Kibodi ya Linotype: weka msumeno chini kwanza

Marahaba, mdogo wangu wa Kigoma. Umeandika kwamba mmepata Linotype, mashine ya kupanga herufi za chapa, kwenye kiwanda cha chapa kilichofungwa zamani, kwamba kibodi imeganda, na kwamba kila mkitaka kufikia kamu za nyuma, vile vigurudumu vidogo vya ndani ya kibodi, mnalazimika kufungua nusu ya mashine. Unauliza kama mnaweza kukata fremu na kutia bawaba ili kibodi ifunguke kama mlango. Nakuomba msikate. Sisi huku Tabora tulijaribu jambo hilohilo, tukalijutia, kisha tukapata njia nyingine ambayo ilitusaidia kwa miaka yote iliyobaki ya mashine ile. Nitakueleza yote mawili.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuiona: Linotype ilibuniwa na Ottmar Mergenthaler, na gazeti la kwanza kuitumia lilikuwa New York Tribune la Marekani, mwaka 1886. Mpangaji wa herufi anabonyeza kitufe, kalibu ndogo ya shaba yenye umbo la herufi inadondoka kutoka kwenye magazini, yaani kasha la kalibu lililo juu, kalibu zinajipanga mstari mzima, kisha risasi iliyoyeyuka inamiminwa na mstari unatoka ukiwa kipande kimoja. Kibodi yake haifanani na ya taipureta. Ina vitufe 90, safu sita za vitufe kumi na tano: vyeusi kushoto kwa herufi ndogo, vya buluu katikati kwa tarakimu na vituo, vyeupe kulia kwa herufi kubwa.

Sasa ndani. Kidole hakisukumi kalibu. Kidole kinafyatua tu. Chini ya kila kitufe kuna kifyatuo kinachoshikilia nira, na ndani ya nira kuna kamu, kigurudumu kidogo ambacho si duara kamili na ukingo wake una meno madogo. Ukibonyeza, nira inaachiwa, kamu inaangukia juu ya rola ya mpira inayozunguka wakati wote mashine ikiwa inafanya kazi. Rola inaizungusha kamu, kamu inainua nira, nira inasukuma ufito mwembamba wa chuma kwenda juu, na ufito unafungua kilango cha magazini ili kalibu moja ipite. Moja tu. Kamu ikimaliza zamu yake inasimama na kusubiri. Kamu zimepangwa mistari miwili, wa mbele na wa nyuma, kila mstari na rola yake. Ule wa nyuma ndio unaokutesa wewe, na ndio uliotutesa sisi.

Niliingia kwenye kazi hii mwaka 1981 nikiwa msaidizi wa fundi mzee. Mji wetu ulizoea wino; waliosoma vitabu vya dini vya miaka ile wanakumbuka herufi TMP, za kiwanda cha chapa cha misheni, na jina la Tabora kwenye ukurasa wa mwanzo. Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, kazi zake vitabu vya risiti, kalenda, kadi za harusi na vijarida. Mashine yetu ilikuwa ya zamani, kibodi imefungwa kwa skrubu kwenye mwili wa mashine. Kamu za mbele zilifikika ukiondoa kifuniko. Za nyuma zilitaka mtu aingie upande wa nyuma, na huko nyuma palikuwa na rafu ya karatasi na ukuta. Kwa hiyo kazi ya kusafisha ilichukua watu wawili siku nzima, na kwa kuwa ilichukua siku nzima, tuliifanya mara mbili kwa mwaka. Hebu fikiria vumbi la Tabora kuanzia Juni hadi mvua za Novemba. Vumbi lile jembamba linaingia, linakutana na mafuta, linakuwa ulimbo kwenye mhimili wa kamu.

Kamu yenye ulimbo hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama haianguki, ukabonyeza na herufi isije, ama haisimami, na kalibu zikadondoka mbili badala ya moja. La pili ndilo baya zaidi kwa Kiswahili, na hili halimo katika maelekezo yoyote ya Kiingereza niliyowahi kuyasoma. Lugha yetu ina maneno mengi halali yenye a mbili. Tulipiga chapa kijarida cha kumbukumbu ya marehemu mmoja. Palipotakiwa kusomeka "kabla ya kufa kwake" pakatoka "kabla ya kufaa kwake". Msomaji wa prufu, ile karatasi ya majaribio ya kusahihishia makosa, alipita juu yake kwa sababu neno lenyewe ni neno. Familia ndiyo iliyoona. Tuliyeyusha mstari ule, tukachapa upya karatasi zote kwa gharama yetu, na mimi nikaenda na yule mzee kuomba radhi msibani. Tangu siku ile sikuona tena usafi wa kamu kuwa kazi ya kusubiri nafasi.

Kuna jambo jingine linalohusu lugha ambalo ukilielewa litakuokolea pesa. Vitufe vya Linotype vimepangwa kwa kufuata herufi zinazotumika sana katika Kiingereza. Mistari miwili ya kwanza kushoto, ukisoma kutoka juu kwenda chini, ni e t a o i n, kisha s h r d l u. Kwa hiyo mafundi wa kwao walijua kuwa kamu ya e ndiyo huchoka kwanza. Kwetu ni a. Andika "wanafunzi walikaa darasani wakasoma" uhesabu: herufi 32, a ni 11, e hakuna. Kamu ya a kwenye mashine yetu ilikuwa imelika meno mpaka imekuwa laini kama shanga, zikifuatia za k, w, n na i. Wakati huohuo kamu za q na x zilikuwa kama zimetoka kiwandani jana, kwa sababu nani anaandika q hapa? Kamu zenyewe ni za aina moja. Tukahamisha ya q kwenda kwa a, ile iliyolika ikaenda kukaa kwa q, na tatizo likaisha siku hiyohiyo bila kuagiza kipuri nje. Kagua kamu zako kwa jicho hilo kabla hujalaumu rola. Ila utaweza kufanya hivyo pale tu ambapo kamu zinafikika, na hapo turudi kwenye swali lako.

Bawaba. Tulijua kuwa mashine za baadaye za Linotype zilitengenezwa na kibodi inayofunguka kwa kuzunguka pembeni, mbele na nyuma vyote vikawa wazi. Tukadhani ni suala la chuma na skrubu. Tukafunga bawaba mbili nzito upande wa kushoto. Siku ya kwanza ilifunguka vizuri na tulifurahi sana. Tulipoifunga, ncha za fito hazikurudi mahali pake. Kumbuka kila ufito lazima ukae juu ya nira yake, na fito ziko karibukaribu. Kibodi ni nzito. Ikining'inia upande mmoja inashuka, na ikishuka kwa unene wa karatasi chache tu, ufito unakaa pembeni ya nira. Ukabonyeza m ikaja jirani yake, au zikaja mbili kwa pamoja. Tulihangaika wiki nzima kuilinganisha, kisha tukang'oa bawaba na kurudisha skrubu za zamani. Matundu tuliyotoboa yalibaki pale. Mashine zilizotoka na kibodi ya namna ile zilichorwa hivyo tangu mwanzo: mwili wa mashine umeandaliwa kubeba uzito, na fito zina namna ya kuinuliwa kwanza. Bawaba peke yake haileti hayo.

Baada ya hapo yule mzee alisema neno lililobadilisha kazi yetu. Alisema tuache kuisogeza kibodi, tuhesabu kila kitu kinachouzuia mkono kufika kwenye kamu, tukiondoe kimojakimoja. Tulihesabu.

Cha kwanza hakikuwa hata kwenye mashine. Kilikuwa ile rafu ya karatasi. Tuliihamishia chumba kingine, tukapata nafasi ya mtu kukaa kwenye kigoda nyuma ya mashine. Nakuomba uanze hapo. Tukaning'iniza taa ya waya upande wa nyuma na kioo cha kinyozi, ili uione nira hata pale jicho lisipofika.

Cha pili vifuniko. Kila kifuniko kilishikwa na skrubu ndogo zilizopenda kudondokea ndani. Fundi chuma mmoja aliyestaafu reli alitutengenezea nyingine zenye masikio, za kufungua kwa vidole. Dakika ishirini za bisibisi zikawa mbili.

Cha tatu ndicho kikubwa: fito. Ili kutoa fremu ya kamu salama, lazima fito ziwe zimeinuka na zikae kwa mpangilio wake. Tulikuwa tunazifunga kwa uzi, mafungu mafungu, na kila safari mbili tatu zilikuwa zinapishana. Tukatengeneza kitana. Ni kipande cha mninga kirefu kama upana wa kibodi, tulichokikata kwa msumeno mwembamba nyufa za kutosha fito zote, kila ufito na ufa wake. Mbele yake kuna ubao mwembamba uliopigwa ukanda wa ngozi. Unaingiza kitana, unainua fito zote pamoja, unabana ule ubao kwa nati mbili, na fito zinabaki juu zimetulia kama nywele zilizochanwa. Kukata nyufa zile kulinichukua siku nne, kwa sababu nilizipima kutoka kwenye fito zenyewe. Nilichagua mninga kwa kuwa ukikauka haupindi.

Kuanzia hapo fremu ya nyuma ilitoka kwa nyuma bila kugusa mwili wa kibodi hata kidogo. Nilitengeneza na sinia la mbao lenye matundu yaliyoandikwa herufi, ili kila kamu irudi kwake baada ya kuoshwa. Kazi ya siku nzima ikawa ya mtu mmoja asubuhi moja, na tukaanza kuifanya kila mwisho wa mwezi. Herufi mbilimbili zilipungua mpaka msomaji wa prufu akaniuliza tumebadilisha nini.

Kuhusu kuosha kwenyewe, nisikilize vizuri. Tulitumia petroli, na petroli ilitumika nje, chini ya mwembe, mbali na mashine. Chungu cha risasi kinafika nyuzi 280 na zaidi za Selsiasi. Usifungue chupa ya petroli chumba kimoja na chungu kilichowashwa, wala kilichozimwa saa moja iliyopita. Fanya asubuhi kabla ya kuwasha, umeme umekatwa kwenye swichi kuu. Mafuta ya taa usitumie. Yanaacha utelezi unaokwenda kuvimbisha mpira wa rola. Kamu zikikauka, tia mafuta ya cherehani kwenye mhimili kwa ncha ya sindano. Tone moja. Ukiona linang'aa pembeni ya kamu, limezidi, futa. Fito hazitaki mafuta kabisa.

Rola nazo zitazame wakati fremu iko nje. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu na kung'aa, kamu inaangukia juu yake na kuteleza. Kabla ya kutafuta mpya, zungusha rola kwa mkono ukiisugua na msasa laini mpaka mng'ao uishe. Yetu ilidumu mwaka mzima zaidi kwa njia hiyo. Usijaribu kuizungushia mpira wa ndani wa baiskeli. Nilijaribu, na pale ncha zinapoungana panakuwa na kigongo, kila mzunguko kamu zinaruka.

Kuna mwenzetu ameuliza chini ya swali lako kwa nini Monotype, mashine nyingine ya kupanga herufi za risasi, haikuwa na shida hii. Ni kwa sababu Tolbert Lanston, mbunifu wake, aliitenganisha: kibodi ni mashine peke yake inayotoboa mkanda wa karatasi kwa nguvu ya hewa, na mkanda ndio unaopelekwa kwenye mashine ya kumimina. Kibodi isiyokaa chini ya magazini unaweza kuizunguka pande zote. Kwa Linotype kila kitu kimekaa juu ya kingine, na ndiyo maana njia ya mkono lazima uitengeneze wewe.

Kabla ya yote hayo, nipigie picha upande wa kushoto na wa kulia wa kibodi, karibu na inaposhikana na mwili. Yawezekana mashine yenu ni ya zile za baadaye na bawaba ya kiwandani ipo, imefunikwa na rangi na uchafu. Ikiwa ipo, usiifungue kwa nguvu hata kidogo mpaka fito ziwe juu, la sivyo utazipinda zote kwa mkupuo mmoja.

Kiwanda chetu kiliingia ofseti, uchapaji usiohitaji herufi za risasi, na mashine ikauzwa kwa uzito wa chuma. Sikuwepo siku ilipoondolewa. Kitana cha mninga nilikichukua nyumbani na kipo hadi leo, hakijapinda. Pima umbali kutoka katikati ya ufito wa kwanza hadi katikati ya ule wa mwisho, uniandikie hapa. Ukilingana na wa kwangu, nakifunga kwenye gunia nakiweka kwenye basi la Kigoma.