Umeitwa kuwa mkuu wa chuo? Usiache kitalu chako

Wiki iliyopita kijana mmoja, mtafiti wa viazi, aliniandikia: "Shikamoo mama. Chuo kimoja cha kilimo huku Mbeya kinanitaka niwe mkuu wa chuo. Wenzangu wanasema nikikubali, sayansi ndiyo basi. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nakujibu hadharani kwa sababu najua mpo wengi, kuanzia Uyole mpaka Mafinga, mnaokosa usingizi kwa swali hili.

Mimi nilikuwa mtafiti wa mbegu za maharage. Asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, nilifungua kwa kibano ua ambalo halijachanua, kabla halijajichavusha lenyewe, nikapaka chavua ya ua jingine, nikafunga uzi wenye lebo. Mkono ukitetemeka, ua linadondoka. Kutoka hapo hadi mkulima apate mbegu iliyoidhinishwa, miaka 10 si ajabu. Anayepanda maharage ya aina ya Uyole 96 leo anavuna jasho la watu wengi asiowajua.

Nilipoteuliwa kuwa mkuu wa chuo huku Iringa, watu niliokula nao ugali miaka yote walisema nimefuata kiti cha kuzunguka. Niliacha mbegu zangu kwenye bahasha, kila moja na namba yake, na daftari la makabidhiano lenye sahihi. Hakuna aliyezipanda. Nilipokuja kuziulizia, fukusi walikuwa wamezigeuza unga. Inaniuma mpaka leo. Kwa hiyo kabla hujasaini, tafuta mtu wa kumkabidhi kazi yako, mtu unayemjua kwa jina na anayeipenda, si ofisi. Panda naye msimu mzima kwanza.

Sasa hili la sayansi kuisha. Si kweli hata kidogo! Nilipofika chuoni nilikuta ugomvi wa ada. Kila Februari wanafunzi walirudishwa nyumbani na wazazi wakaitwa wakaidi. Nikamwomba mhasibu nakala za risiti, nikazipanga kwa tarehe na kwa wilaya anakotoka mzazi, vilevile nilivyozoea kupanga vitalu vya majaribio. Jibu likajitokeza lenyewe. Wa Mbozi hulipa kahawa ikiuzwa, wa Njombe msimu wa parachichi, na wa mahindi hawana kitu hadi Julai. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Mei. Februari mahindi bado yako shambani, mzazi atoe wapi? Wajumbe wa bodi walinitazama kana kwamba nimeingia kikaoni na jembe. Nikabandika chati ukutani na kuwapitisha mstari kwa mstari mpaka wakakubali ratiba ya malipo ifuate mavuno. Leo wakufunzi wanapata mshahara kwa wakati, na hakuna mtoto anayerudi Ludewa na begi lake katikati ya muhula. Hilo najivunia sawa na mbegu yoyote niliyowahi kuitoa.

Vikao, ukaguzi wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kuni za jikoni: hayo utayazoea, sina haja ya kukuchosha nayo.

Ila usiruke ngazi. Mtazame Shirley Ann Jackson, mwanafizikia wa Marekani, mwanamke mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari (PhD) katika chuo cha MIT, mwaka 1973. Aliongoza chuo cha Rensselaer kuanzia 1999 hadi 2022, lakini kabla ya hapo, tangu 1995, alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya nchi hiyo. Alifika chuoni akijua bajeti ni nini na wanasiasa ni watu gani. Wewe kama hujawahi kuwa hata mkuu wa idara, omba uanze kama naibu. Vijana, uongozi si mapumziko ya wasomi! Ukiingia bila maandalizi, wanaoumia ni watoto wa wakulima waliouza ng'ombe ili wasome.

Na mambo matatu yadai yaandikwe kwenye mkataba: kipande cha ardhi, somo moja la kufundisha, na asubuhi moja kwa wiki isiyo na vikao. Maneno ya mdomo husahaulika mwenyekiti wa bodi akibadilika. Mimi Alhamisi niko kitaluni na mwaka wa pili wa stashahada, na katibu muhtasi wangu anajua kwamba asubuhi hiyo simu haipokelewi, hata ikiwa ya mwenyekiti.

Nitumie rasimu ya mkataba wako niipitie kabla hujaweka sahihi.