Usijifungie na modeli ya Ruaha. Kata swali kwanza

Usifanye hivyo, mdogo wangu. Umeandika hapa kwamba modeli yako ya mto Ruaha Mkuu, ile hesabu ya kompyuta ya kukadiria maji ya mto, imegoma kulingana na vipimo, halafu dawa uliyoipata ni kuzima simu na kujifungia chumbani Uyole hadi ikubali? Na unatuuliza ununue laptopu gani?

Mimi nilijifungia. Jamaa mmoja wa PhD, tuliyemwona nabii kwa sababu alishika ufunguo wa maabara, aliniambia ukikwama ongeza data, ongeza saa, utafiti ni kukaza. Nikakaza. Nikaingiza bonde lote la Usangu, linalolisha Ruaha Mkuu, kwa mpigo: mito yote, vituo vyote vya mvua, miaka yote niliyopewa. Kiangazi kizima watu wanavuna mpunga, mimi nabadilisha namba. Modeli inasema Septemba maji yanatiririka kwenye Hifadhi ya Ruaha, na mto wenyewe umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993, hata viboko wanajua. Nikaamini shida ni vigezo, zile namba za kurekebisha modeli, kama udongo unanywa maji kiasi gani. Nikavikoroga mpaka kwenye karatasi zangu udongo wa Mbarali ukawa unakunywa maji kuliko ng'ombe. Mke wangu akahisi nina mtu wa nje. Ningekuwa naye, angalau ningekuwa na cha kuonyesha! Ufadhili ukaisha, ada ya nyongeza ikalipwa kwa hela ya viazi vya mzee kule Njombe. Nilipomfuata yule nabii, akaniambia, "Sasa mbona hukuja mapema?" Sijui kama PhD yake imeisha. Simwombei mabaya, ila sijaulizia.

Aliyenitoa ni mzee mmoja msoma vipimo vya mtoni. Alisema chukua mto Kimani peke yake, pale unaposhuka milimani, kabla haujakutana na mfereji wa mtu. Msimu mmoja, Novemba hadi Mei, daftari na kikokotoo. Ikakubali. Tena hapohapo nikaona nilikuwa naukata mwaka Januari, nikipasua msimu mmoja wa mvua vipande viwili. Nikaongeza mifereji ya mpunga tu. Ikakubali kwa shida. Nikaongeza Ihefu (lile tindiga, siyo timu iliyohamia Singida), ikavunjika papo hapo.

Hapo ndipo palikuwa pamekufa. Maji ya mito yanaingia Ihefu kwanza, yanatokea Ng'iriama, mdomo wa tindiga, juu ya kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya kizingiti, hakitoki kitu, hata kama ndani maji yamebaki. Modeli yangu haikujua habari ya kizingiti; ilichota mvua ya milimani ikaimwaga moja kwa moja hifadhini. Ningeongeza data ya miaka mia, bado ingegoma, maana kilichokosewa ni mchoro wa mto.

Kwa hiyo kata. Kata swali hadi ubaki na kipande unachoweza kukipiga kwa mkono na kikakubali. Kisha ongeza kitu kimoja, uendeshe tena. Kimoja! Ukishawishika kuongeza viwili kwa sababu "vinafanana", ukalie mkono. Kitu kikivunja hesabu, umeshajua pa kuchimba.

Laptopu usinunue, daftari na kikokotoo vinatosha.

Kesho chagua mto: Mbarali, Chimala, Kimani, wowote, ila juu ya mifereji. Weka hapa namba za msimu mmoja tuzione. Za bonde zima sitaki kuziona.